Nyar Seme, zile 384 na PhD ya anthropolojia iliyokwama katikati

Kisa hiki ni cha dada mmoja aliyesomea PhD ya anthropolojia kwa chuo kimoja cha umma huku kwetu magharibi. Nitamuita Nyar Seme, yaani binti wa Seme, na msijisumbue kumtafuta, juu ukiita Nyar Seme sokoni Kibuye siku ya Jumapili watageuka wamama mia. Amekubali nieleze, ila pesa za watu na mambo ya magrupu nimevuruga makusudi. Rasimu zake nilizisoma karibu zote kwa hivyo mengi hapa nimeyaona kwa macho, na mengine aliniambia kwa simu usiku akiwa na hasira, mchukue hivyo.

Mada yake ilikuwa michango ya matanga kwa WhatsApp. Kama unaishi Kisumu hii huhitaji kuelezwa sana. Mtu akiaga leo usiku Manyatta, kesho kabla ya saa nne grupu imefunguliwa, umeingizwa bila kuulizwa, picha ya marehemu iko juu na mweka hazina ametupa namba ya M-Pesa. Alafu listi inaanza. Mama Rotuba 500, tiki. Jirani wa ploti ya bluu 200, tiki. Boda wa steji ya Kondele 1,350, tiki. Injinia wa Nairobi 10,000, hapo hakuna tiki, imeandikwa ahadi. Ukishatuma yako unakopi listi yote, unaongeza jina lako chini, unairudisha. Wawili wakirudisha dakika moja jina la mmoja linapotea, na huyo aliyepotea hamfuati mweka hazina pembeni, analeta ile meseji ya M-Pesa hapo hapo mbele ya watu wote, saa na dakika zikionekana.

Swali lake lilikuwa hilo hasa, hii listi inawafanya nini watu. Nani anaandikwa juu, nani anangoja aone wengine wametoa ngapi ndo atoe, ile ahadi isiyo na tiki inakaa siku ngapi kabla vijembe vianze. Idarani walimwambia matanga ya Waluo yameisha kuandikwa. Na kweli si mada changa, Evans-Pritchard, yule mwanaanthropolojia Mwingereza, alikuja kwa Waluo mwaka wa 1936 na tangu hapo hajakosekana mtu na daftari. Alafu ile kesi ya S.M. Otieno, wakili wa Nairobi aliyeaga Desemba 1986 akazikwa kijijini kwao Nyalgunga Mei 1987 baada ya miezi ya kupelekana kortini, ilifanya dunia nzima ijue kwamba huku kwetu mahali pa kuzikwa ni jambo la kusimamisha watu mbele ya jaji. Lakini kesi hiyo ilikuwa ya nani ana haki ya mwili na ni ardhi gani itaupokea. M-Pesa imeanza Machi 2007. Kabla ya hapo mchango wa kijijini ulikuwa wa daftari juu ya meza, na aliyetoa shilingi ishirini alijulikana na waliokuwa wameketi pale tu, hakujulikana na binamu zake wa Dubai. Nyar Seme aliona hiyo tofauti mapema na mimi naamini mpaka leo kwamba hapo alikuwa na PhD safi.

Shida ilianza kwa fomati ya propozo. Shule nzima, yaani kitivo, ina fomati moja, na sura ya tatu ina vichwa ambavyo huwezi kuvikwepa: walengwa, mbinu ya sampuli, ukubwa wa sampuli, uhalali na uthabiti wa vifaa, bila kusahau dhana tete, yale makisio unayoenda kupima, kule sura ya kwanza. Ukidifendi idarani unakutana na watu wa sosholojia, ukienda mbele kwa shule unakutana na wa uchumi, wa elimu, wa afya ya jamii, na kwa kikao kizima mwanaanthropolojia unaweza kupata mmoja ama usipate kabisa. Si watu wabaya. Wamesomesha kizazi na kizazi kwamba utafiti unaanza na hesabu, na hakuna mtu amewahi kukaa nao chini awaonyeshe vile fani nyingine inapima kazi yake.

Basi akaulizwa, "Madam, sampuli yako ni ngapi?" Akasema magrupu matano ya matanga, nitakaa ndani yao mwaka mzima. Kuna mtu akacheka. Mwingine akauliza, "Sasa hiyo ni utafiti ama ni udaku?" Nyar Seme anasema hilo ndo lilimmaliza, juu jibu alikuwa nalo, tena zuri, na akaogopa kulitoa mbele ya maprofesa. Akarudishwa na karatasi ya masahihisho ambayo yote yalikuwa yanasema kitu kimoja, leta sampuli inayoeleweka.

Na sampuli inayoeleweka kwao ni 384. Kwa wale hamjakutana na hii namba, inatoka kwa jedwali la Krejcie na Morgan la 1970, na sidhani kuna namba inapendwa kwa tasnifu za Kenya kuliko hiyo. Walengwa wako wakifika milioni, jibu ni 384. Wakizidi hapo, bado ni 384. Hesabu yenyewe fupi tu, unachukua 3.841 unazidisha na 0.5 mara 0.5, unagawanya na 0.05 mara 0.05, basi. Lakini ndani yake kuna masharti ambayo watu hawayasomi: kwamba orodha ya walengwa iko, kwamba kila mmoja ana nafasi sawa ya kuchaguliwa, na kwamba unachotafuta ni kiwango, yaani wangapi kwa kila mia, na uko tayari kukosea kwa asilimia 5 juu ama chini. Kwa swali la aina hiyo sina neno na 384. Kaunti ya Kisumu ilihesabiwa watu 1,155,574 kwa sensa ya 2019, ukitaka kujua ni watu wazima wangapi kati yao wako ndani ya grupu ya matanga saa hii, tafuta 384 bila upendeleo na utapata jibu la maana. Ila hakuna ofisi iliyo na orodha ya magrupu ya matanga, yanazaliwa Jumanne yanakufa baada ya mazishi, na swali la mbona mtu anangoja mpaka saa tano usiku ndo atume 200 huwezi kulijibu kwa kuhesabu vichwa. Ni kupima utamu wa omena na rula.

Alikuwa na wasimamizi wawili. Wa kwanza, mzee wa anthropolojia aliyekuwa karibu kustaafu, alimwambia kitu ambacho nimesikia wanafunzi wengine wakiambiwa pia, "Nyara," yaani binti yangu, "wape namba zao upite. Ukifika fildi fanya kazi yako." Wa pili, wa sosholojia, alisema karibu hivyo hivyo ila yeye alimaanisha, aliamini namba zitamkinga. Nyar Seme akaandika 384, akapanga dhana tete tatu, akatengeneza hojaji ya nakubali kabisa, nakubali, sina uhakika, sikubali, sikubali kabisa, na ile etnografia yake yote, kazi ya kukaa ndani ya watu na kuandika unachoona, akaisukuma kwa aya moja huko chini inayosema mtafiti pia atafanya uchunguzi shirikishi. Propozo ikapita mara hiyo hiyo, watu wakampongeza, soda zikanunuliwa.

Kwangu mimi kisa kiliharibikia hapo. Ile namba ni ndogo, kubwa ni kwamba propozo ikishapita inakuwa mkataba. Kamati ya maadili inasoma hiyo, leseni inatolewa kwa hiyo, na mtahini atakayeletwa miaka baadaye atashika tasnifu mkono mmoja na sura ya tatu mkono wa pili akilinganisha. Sasa huyu alikuwa na karatasi ya kazi ambayo hakuwa na moyo nayo, na kazi aliyoipenda haikuwa na karatasi. Ushauri wa mzee una busara yake, umevusha wengi, ila unadhani hakuna mtu atarudi kusoma sura ya tatu.

Hata pesa ilimkosesha. Wenner-Gren, wale wafadhili wa anthropolojia wanaojulikana dunia nzima, wana ruzuku ya fildi kwa wanafunzi wa PhD inayofika dola 25,000 na hawaangalii wewe ni raia wa wapi. CODESRIA, lile baraza la utafiti wa jamii Afrika kule Dakar, nao wamekuwa wakisaidia Waafrika kuandika tasnifu. Lakini ombi la huko linasomwa na wanaanthropolojia wenyewe, utawaonyesha nini na dhana tete tatu na hojaji ya nakubali kabisa? Hakutuma hata moja. Akachukua mkopo wa Sacco.

Waliomshangaza ni kamati ya maadili, watu ambao huwa tunawalalamikia kwa kuchelewesha. Wao ndo walikuwa wa kwanza kumuuliza swali lenye uzito. Grupu ina watu mia mbili na kitu, admini akikubali usome, hao wengine wamekubali lini? Sheria ya Ulinzi wa Data ilikuwa imetoka 2019 na kila kamati ilikuwa imeanza kuikumbuka. Wakapatana atume ujumbe ndani ya grupu kabla ya kuanza na aurudie watu wapya wakiingia, asiyetaka amwandikie pembeni na maneno yake yasiguswe, asipige picha ya skrini hata moja, aandike kwa mkono tu. Na wakamwambia abadilishe viwango vya pesa pia, si majina peke yake. Hiyo mimi niliiona ya akili sana. Ukiandika mzee fulani alitoa 17,350, hata umpe jina la Kichina, kijiji kizima kinajua ni nani alitoa 17,350.

Leseni ya NACOSTI, ile tume ya taifa ya utafiti, kuripoti kwa kamishna wa kaunti, kwa mkurugenzi wa elimu, mihuri na nakala, hayo yalienda vile huenda. Mkumbuke tu leseni ni ya mwaka mmoja, itarudi huko mbele.

Wakati huo Korona ilikuwa imegeuza matanga yenyewe. 2020 serikali ilisema mazishi ni watu 15, na Juni 2021 kaunti 13 za huku kwetu, Kisumu ikiwa ndani, zikaambiwa mtu azikwe ndani ya saa 72 na waombolezaji wasipite 50. Saa 72 kwa Mluo, jameni! Mambo ambayo yalikuwa yanachukua wiki mbili, bodi ikiwa bado mochari ya Russia, ile hospitali kubwa ya Jaramogi hapa Kisumu, kamati ikikutana kila jioni, mtu wa Mombasa akitafuta nauli, yote yakabanwa kwa siku tatu na yakaingia kwa simu. Mada iliyoitwa udaku sasa ndo ilikuwa inaongelewa kila mahali, na yeye ako fildi na leseni ya kusambaza hojaji.

Akazisambaza. Alitafuta vijana waliomaliza fomu foo, shilingi mia kwa kila fomu iliyojazwa, hiyo ni 38,400 ya mkopo imeenda. Siku moja akafuatana na mmoja wao mpaka boma moja upande wa Kombewa. Dani, yaani nyanya wa boma, ameketi kwa kivuli anachambua omena, anatoa mchanga, kijana akasimama mbele yake akasoma vile imeandikwa, "Dani, unakubali kwa kiasi gani kwamba unachanga kwa hiari yako bila kushurutishwa?" Dani akamwangalia, akaangalia ile kalamu, akasema, "Andika ile inafaa, nyathina." Kijana akaweka tiki kwa nakubali kabisa. Swali la pili, andika ile inafaa. La tatu, hivyo hivyo mpaka mwisho, dakika chache fomu imeisha, dani hajainua mikono kwa omena. Nyar Seme hakusema kitu pale. Usiku akaandika kurasa nyingi kwa daftari.

Yale magrupu matano nayo yalikuwa yanaenda, na huko ndo alikuwa anaishi kweli, simu iko chaji mchana na usiku. Alafu baba yake mdogo akaaga.

Kikao cha familia hakikuchukua muda upande wake. "Si wewe ndo unasomea mambo ya matanga? Shika pesa." Akawa mweka hazina wa grupu ambayo haikuwa kwa ombi lake la maadili, na hapo hakuwa anafikiria utafiti, alikuwa amefiwa. Lakini alikuwa ameona mengi kwa magrupu ya wengine, ameona watu wakiaibika, kwa hivyo akaamua ya kwao itakuwa ya heshima. Hakuna listi. Kila saa mbili jioni atatuma jumla tu, tumepata kiasi hiki leo, asanteni, Mungu awabariki.

Jioni ya kwanza pesa ziliingia vizuri. Ya pili zikapungua. Ya tatu simu ilikaa kimya tangu mchana, na fundi wa jeneza anapiga, mwenye gari la kubeba bodi anapiga, wale wa hema na viti wanataka nusu. Mzee mmoja wa familia akamuita pembeni ya nyumba akamwambia kwa upole, "Nyara, rudisha majina. Watu hawachangi gizani." Akakaa na meseji za M-Pesa akaandika listi yote, nani, ngapi, tiki, akaituma kama saa tatu na nusu. Kabla ya saa sita usiku pesa zilikuwa zimeingia kuliko zile siku mbili ukijumlisha, hadi binamu wa Nairobi aliyekuwa amesoma kila ujumbe na kunyamaza akatuma, akatuma tena. Na shangazi mmoja mjane aliyekuwa ametoa 100, alipoona jina lake limekaa katikati ya watu wa elfu tano, akatoka kwa grupu. Mazishini hakuonekana.

Nyar Seme anasema usiku ule ule alijua tasnifu yake iko hapo, na kwamba hana ruhusa ya kuitumia.

Hapa naona alifanya kazi nzuri kuliko watu wengi ninaowajua. Hakuchukua mazungumzo ya grupu akayabadilisha majina na kunyamaza, na nani angemshika? Alingoja baada ya mazishi, akaongea na wazee, akaandikia kamati ya maadili kuomba marekebisho. Kamati ikakataa jumbe za grupu zisitumike, juu hakuna aliyekuwa ameambiwa, ila ikamruhusu kutumia alichokipitia yeye mwenyewe kama mweka hazina na kuwahoji upya wanafamilia watakaokubali. Kwa shangazi alienda mwenyewe, na mara ya kwanza hawakuongea hayo, walikunywa chai wakaongea habari za mahindi. Baadaye sana ndo shangazi akamwambia andika, lakini uandike pia kwamba ile mia nilikuwa nimekopa.

Hiyo sentensi moja ina kazi ndani yake kuliko jedwali lote, na ningekuwa mimi ndo mtahini ningempitisha kwa hiyo tu, lakini basi.

Ikafika kuandika. Mzee alikuwa amestaafu, amebaki msimamizi wa sosholojia na mwingine mpya aliyeletwa kujaza nafasi. Wakapanga tasnifu hivi, sura ya nne majedwali ya hojaji, sura ya tano mambo ya fildi. Ya nne ilisema karibu kila mtu anachanga kwa hiari, hasukumwi na yeyote. Ya tano ilionyesha watu wanangoja, wanavizia, wanakopa, wanatoka kwa grupu kwa aibu. Sura mbili zimeketi kwa kitabu kimoja hazisalimiani, na hakuna mahali mwandishi amesema kitu kuhusu hilo. Alijua. Alitumaini watahini watapita tu, na wale wa ndani walipita kweli, waliuliza mambo ya tahajia na mpangilio wa marejeleo.

Mtahini wa nje hakupita. Ripoti yake ilikuwa ya heshima na ilimuua. Aliuliza kama sura ya nne na ya tano zinaongea kuhusu watu wale wale, na kama ni hao hao, nani anasema ukweli. Alafu akaongeza kwamba sura ya tatu haiwezi kuwa iliandikwa na mtu aliyeandika sura ya tano. Masahihisho makubwa, arudishe upya.

Ushauri uliomiminika ulikuwa wa pande mbili. Wengine walisema toa sura ya tano, majedwali yanatosha, umalize uende nyumbani, si unataka tu uitwe daktari. Wengine, na mimi nilikuwa huko, tulisema toa ya nne. Yeye akafanya kitu kingine. Akauliza mbona watu wanasema vile wakisimama mbele ya kijana mgeni na kalamu. Leseni ilikuwa imekwisha muda, akaifufua, akarudi Kombewa kwa yule dani na ile fomu yenyewe mkononi. Akamsomea jibu lake, dani, hapa ulisema huna kushurutishwa hata kidogo, ni kweli? Dani akamjibu kama mtu aliyechoshwa na mtoto, "Sasa ningesema nalazimishwa kumzika mtu, mimi ningekuwa mtu wa aina gani?"

Basi sura mbili zikaanza kuongea. Jibu la hojaji nalo linatolewa mbele ya mtu, kama vile 500 na tiki inavyotolewa mbele ya grupu. Dani hakudanganya fomu, alichukua msimamo ambao mtu mwenye adabu anachukua kuhusu maiti. Na listi ya WhatsApp haiwalazimishi watu kwa maana ya kuwatisha, inawapa mahali pa kuonekana wakiwa watu, na huyo asiye na kitu inampa mahali pa kuonekana hana kitu. Hojaji zikakaa ndani ya tasnifu kama jambo la kuchunguzwa, majedwali yakapunguzwa yakabaki machache, na sura ya tatu ikaandikwa upya ikisema wazi njia ilibadilika fildi, lini, na kwa sababu gani. Mtahini akakubali.

Kazi ni nzuri, hilo silibishii. Lakini alianza 2018, sheria inasema PhD ni miaka mitatu ikiwa kidogo, na muda uliopotea kati ya ile difensi ya kwanza na ya mwisho mwingi wake ulienda kwa kulipia 384.

Sasa ile siku ya kwanza angefanya nini, juu watu huniuliza. Bodi ya shule inataka namba, wape, lakini wape zako. Magrupu matano. Mazishi utakayoyafuata kutoka mochari mpaka kaburini, taja ni mangapi. Mahojiano marefu na watu thelathini hivi, wakiwemo waweka hazina, wajane, vijana wa boda, wazee wa ukoo, na useme ni kwa nini hao. Miezi kumi na miwili, na useme utajuaje umetosheka, kwamba ukifika mahali matanga mapya hayakuletei jambo jipya unasimama. Kwa kichwa cha uhalali na uthabiti weka vile vigezo vya Lincoln na Guba vya 1985, vya kupima uaminifu wa utafiti usio wa hesabu, viko, vinajulikana hata kwa watu wa elimu, ueleze utavitimiza vipi, mfano kwa kuwarudia watu na ulichoandika. Pale pa dhana tete weka maswali ya utafiti na sentensi mbili za kueleza. Na uombe mapema idara ikutafutie msomaji wa anthropolojia kutoka chuo kingine, barua yake moja kwa faili inafanya kikao kiwe kingine. Yule wa "ni utafiti ama ni udaku" mjibu pale pale kwamba udaku ndo unaamua nani atachanga ngapi, kwa hivyo Profesa, naenda kuusoma.

Na kama bado unaitaka hojaji, ije baada ya fildi, iwe na maswali mtu anaweza kujibu. Mara ya mwisho uliongeza jina kwa listi, juu yako kulikuwa na majina mangapi? Uliandika ahadi au ulituma kwanza? Ulikopa? Dani angejibu hayo bila kuacha omena.

Msimamizi wake wa sosholojia mpaka leo anashikilia kwamba bila 384 isingepita bodi, na kwa bodi ile ya mwaka ule naona anasema ukweli. Nyar Seme anamjibu kwamba ilipita bodi ikaja kufia kwa mtahini. Wote wawili bado wanakunywa chai pamoja.

Amebaki na karatasi. Miongozo ya CUE, ile tume ya elimu ya vyuo vikuu, ya 2014 inataka makala mbili kwa majarida yanayopitiwa na wasomi kabla ugraduwati, na hapo kuna biashara nyingi, barua pepe zinaingia kila siku zikiahidi kukuchapisha kwa siku chache ukilipa. Ya kwanza, ile ya mweka hazina, imekubaliwa. Ya pili, ya jibu la dani, imerudi na maoni ya kupunguza maneno. Fomati ya propozo ya shule haijabadilishwa, ila idara yao sasa inakubali ukurasa wa ziada kwa wale wa etnografia, na wa kwanza kuutumia ni kijana mwenye mada ya wachuuzi wa samaki pale Dunga, anaenda bodi muhula huu.